Upana wa Kidole

Conewango Valley, New York
21 Februari 1994

Kwa Dada Saloma Schlabach,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Huku theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Farasi wamefungiwa wiki nzima, nami nimefungiwa pamoja nao; ndipo nikapata wasaa wa kuandika barua ambayo kwa siku kumi nimekuwa nikiiandika kichwani tu.

Natumaini utanikumbuka. Mimi ni yule seremala mrefu aliyekuja Ohio kumzika dada yake. Wageni tuligawanywa kwa majirani, nami nikaangukia kwa shemeji yako Mose, naye, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa imejaa, akanileta kwako ua wa nyuma nipate kahawa. Kahawa ilikuwa nzuri. Meza ilikuwa ikiyumba, na mimi siwezi kunywa juu ya meza inayoyumba bila kuugua. Uliporudi na sukari ukanikuta nimelala chini ya meza na kisu mkononi, ukasema, "Kaka, kama kahawa ni mbaya si ungesema tu." Tangu mazishi yale, hilo ndilo lililonichekesha kwanza.

Mke wangu Edna alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa kuchemsha utomvu wa miti ya mepo kupata sukari. Tulijaliwa mwana mmoja, Orva. Naye tulimpoteza, huu ni mwaka wa tisa. Natengeneza meza za watu kumi na wawili, kisha nakula nimesimama karibu na jiko.

Naomba ruhusa ya kukuandikia tena. Ukinyamaza, nitaelewa, na sitamwambia mtu.

Wako katika imani,
Atlee Raber


Holmes County, Ohio
9 Machi 1994

Ndugu Atlee,

Barua yako ilifika Jumanne, na kabla sijaifungua Ida, mke wa shemeji Mose, alikuwa ameshaniuliza mara mbili ni ya nani.

"Ya seremala," nikamwambia.

"Anataka nini?"

"Anauliza kama mguu wa meza umeshika."

Akanitazama kwa jicho lile analonunulia kuku. "Mguu wa meza una bahati," akasema, akaenda zake.

Umeshika, ahsante. Ruhusa unayo.

Nikwambie ninavyoishi, ujue unamwandikia nani. Emanuel wangu alianguka kutoka dari ya ghala la nyasi miaka mitatu iliyopita. Shamba likaenda kwa Mose nduguye, nami nikapewa hii nyumba ndogo ambayo kwa desturi hukaliwa na wazee waliokwisha kuachia watoto kazi. Nina miaka arobaini na tisa. Mimi ndimi ajuza kijana kuliko wote katika kanisa letu. Madirisha yangu matatu yote yanatazama jiko la Ida. Nikiwasha taa wanajua, nikizima wanajua. Nikikohoa asubuhi, mchana naletewa supu. Ni watu wema, Ndugu Atlee, na nakiri kwamba wema wao hauna mlango wa kutokea. Isitoshe, Mose ndiye shemasi wetu. Ndiye apelekaye neno la kanisa kwa kila aliyekosa, na kwa hiyo hata shati lake likiwa kwenye kamba ya kuanikia, mimi huketi wima.

Nina binti mmoja, Verna, wa miaka ishirini na sita. Anaishi mjini Wooster, huja kwangu kila Alhamisi. Juu yake sina mengi ya kuandika.

Pole kwa Orva. Nimezika mume, sijazika mtoto, na sithubutu kudhani najua.

Saloma Schlabach


Conewango Valley
20 Aprili 1994

Mpendwa Saloma,

Theluji imekwisha, matope yameanza. Barua zako ni nne sasa, nazo zinakaa katika kisanduku cha misumari ya shaba, ile ya bei. Natumaini unaelewa uzito wa heshima hiyo.

Hukuuliza zaidi habari za Orva, na nakushukuru. Siku moja nitakuambia yote.

Unaniuliza kama upweke hupungua. Kwangu haukupungua, niliuzoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana hadi akasahau kwamba ana vidole. Kisha uliniandikia habari za yule kuku wenu aliyeingia ibadani akatulia kwa mahubiri yote matatu, nikacheka peke yangu karakanani hadi muuza kuni akaja kutazama. Vidole vikaanza kuuma. Nadhani ni dalili njema.

Nimezungumza na askofu wetu juu ya jambo fulani. Sitakuandikia ni nini. Mambo mengine yana njia yake ya kufika.

Atlee


Conewango Valley
2 Mei 1994

Kwa Shemasi Mose Schlabach,

Ndugu mpendwa katika Bwana. Nakuandikia kwa unyenyekevu, nikikuomba ufanye kazi ambayo desturi yetu imeiweka mabegani mwa mashemasi tangu zama za babu zetu: uwe mshenga wangu.

Nimekusudia kumwoa Saloma, mjane wa ndugu yako Emanuel, iwapo yeye atakubali. Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya ushuhuda kutoka kanisa letu, iliyotiwa sahihi na askofu na wahubiri wawili, kwamba mimi ni mshiriki mwema nisiye na deni la toba. Akikubali, nitahamia Ohio na vyombo vyangu vya kazi. Simwondoi karibu na bintiye.

Sijamwambia lolote, kwani si adabu mwanamume kujitangulia mwenyewe. Naomba umwendee kwa siri, kama inavyopasa.

Mtumishi wako,
Atlee Raber


Holmes County
16 Mei 1994

Kwa Ndugu Atlee Raber,

Neema na amani. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi, na hata sasa sijui.

Nilimwendea Saloma Alhamisi iliyopita alasiri. Nilivaa kofia nyeusi na koti la Jumapili, kama ipasavyo kwa kazi uliyonituma. Alifungua mlango, akaitazama kofia, uso ukamwisha damu. Nikasema, "Shemeji, nadhani unajua kilichonileta." Kweli ndugu yangu, mimi nilikuwa natabasamu. Nilidhani ninyi wawili mmekwisha kuelewana na kwamba ananionea haya.

Akakaa. Akasema, "Najua. Nani alikwambia?"

"Mwenyewe aliniandikia."

"Verna?" Akafumba macho. "Verna alikuandikia?"

"Verna tena? Hapana, mama, ngoja kwanza—"

"Ni mimi, shemeji, si yeye. Mimi ndimi niliyezisukuma meza. Tangu Desemba. Kila Alhamisi nazisukuma, akiondoka nazirudisha."

Lazima nikueleze. Verna alibatizwa, akaapa mbele yetu sote, kisha akatuacha akasomee uuguzi. Ametengwa. Hakuna mshiriki anayeweza kula naye meza moja. Saloma aliponililia, nilimruhusu lile lifanywalo na wengi: meza mbili, pengo la upana wa kidole kati yake, kitambaa kimoja juu ya zote. Hivyo sheria huridhika na mama humwona mwanawe. Alhamisi ile Verna alikuwa ameondoka punde tu, nami nilinyanyua kitambaa. Hapakuwa na pengo. Meza zilikuwa zimegusana kama mbao za sakafu.

Kama ningeingia kwa kofia ya majani ninayovaa shambani, ningekuwa shemeji yake tu. Ningerudisha kitambaa na kuomba kahawa. Lakini nilikuwa nimevaa ile nyeusi, naye amekiri kwa shemasi, na ambalo shemasi amelisikia kanisa limelisikia. Nilikaa dakika nyingi nikitafuta mlango. Haukuwapo. Nilimpenda ndugu yangu, na huyu mwanamke ameosha mashati yangu Ida alipougua.

Posa yako sikuifikisha. Hakuna mshenga anayeweza kuposa mtu ambaye kesi yake iko mbele ya kanisa. Yeye anadhani nilikwenda kwa lile shitaka. Barua ya ushuhuda nimeihifadhi. Nakushauri, kwa huzuni, usubiri. Na kama huwezi kusubiri, hakuna atakayekulaumu.

Mose Schlabach


Holmes County
30 Mei 1994

Ndugu Atlee,

Hii ni barua ya mwisho, na itakuwa ya kweli kuliko zilizotangulia.

Niliandika kwamba Verna anaishi mjini. Sikuandika kwamba ametengwa. Miaka mitano nilikula naye kwa meza mbili na pengo lile unalolijua, maana liko kila penye familia kama yangu. Desemba alikuja analia kwa ajili ya mtoto mgonjwa aliyemfia wodini. Nilitaka kumfikia nikakutana na ukingo wa meza. Nikausukuma. Meza ilikwenda kwa urahisi sana, Ndugu Atlee. Ulikuwa bado hujaja kuitengeneza. Ilikuwa kama inayongoja.

Tarehe kumi na mbili Mose alinijia na kofia nyeusi siku ya kazi. Kofia ile siku ya kazi huleta mambo mawili tu, posa au shitaka, na mjane wa miaka arobaini na tisa hafikirii posa. Nilikiri kabla hajakaa. Mpaka leo sijui nani alinisemea.

Jana kanisa lilinitenga kwa wiki sita. Tarehe kumi Julai nitaitwa nipige magoti na kuahidi kwamba pengo halitafungwa tena. Nikiahidi, nitapokelewa. Nikikataa, nitabaki nje milele. Kwa hiyo sasa mimi ni mtu ambaye hupaswi kupokea kitu mkononi mwake, na nadhani barua ni kitu.

Kiweke kisanduku cha misumari mahali pakavu.

Saloma


Conewango Valley
8 Juni 1994

Saloma,

Barua yako niliipokea kutoka mkononi mwa mleta barua, ambaye ni Mmethodisti. Wewe uliipeleka posta, posta ikampa yeye, yeye akanipa mimi. Nimelitafakari jambo hili mbele za Mungu na sioni mahali ambapo mkono wako uligusa wangu. Nasikitika kwamba haukugusa.

Sasa nikuambie lile ambalo Mose hana ruhusa ya kukuambia. Hakuna aliyekusemea. Mose alikuja kukuposa. Mimi ndimi niliyemtuma. Ile "mwenyewe aliniandikia" nilikuwa mimi.

Nimeandika sentensi hiyo na kuinuka, nikazunguka karakana mara tatu. Nilitaka kufanya mambo kwa heshima, na heshima yangu ndiyo iliyokuvika kitanzi. Ningalikuandikia neno moja tu, "Mose atakuja, usiogope," leo ungekuwa unashona nguo ya harusi.

Kuna zaidi. Siku ile nilipolala chini ya meza yako niliona kingo mbili. Ukingo wa meza inayokaa peke yake huwa na vumbi na unga wa mkate. Kingo zako zilikuwa zimesuguana hadi zikang'aa. Mimi ni seremala, Saloma. Nilijua kabla sijanywa kahawa. Niliukaza mguu, nikanyamaza, nikarudi nyumbani nikiwaza juu ya mwanamke mwenye kingo zinazong'aa.

Na sababu ya kuwaza ni Orva. Nilikuandikia kwamba tulimpoteza. Ukaelewa kwamba alikufa, nami nikaacha uelewe hivyo. Orva yu hai. Anaendesha lori huko Erie. Alitengwa kama Verna, naye alikuwa akija kila mwezi. Edna aliweka meza mbili. Edna alikuwa akizisukuma. Mimi nilikuwa nikizivuta. Hatukusema neno, nilikuwa nainuka tu kabla ya sala, nashika ukingo, navuta, naweka kidole changu katikati nipime, kisha nakaa na kuinamisha kichwa. Siku moja Orva alinitazama ninavyopima. Akasema, "Baba, usijisumbue, nitakupunguzia kazi." Hakurudi tena. Edna aliishi miaka saba baada ya hapo, na hakunilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo adhabu iliyonibakia.

Sasa umejua unayeandikiana naye. Posa yangu bado ipo. Sistahili jibu la haraka.

Atlee


Holmes County
27 Juni 1994

Atlee,

Nilicheka kwanza. Nataka ulijue hilo. Nilisoma kwamba Mose alikuja kuniposa, nikacheka hadi Ida akachungulia dirishani kwake. Kisha nikafika kwa Orva, na kicheko kikaniganda.

Umenificha mwana aliye hai. Nilimwombea kama marehemu miezi mitatu. Na wewe ndiwe mvutaji. Katika kila nyumba yenye meza mbili kuna anayesukuma na kuna anayevuta. Miaka yote Emanuel alipokuwa hai alikuwa akivuta, Mungu amrehemu, na nilimpenda, na kila Alhamisi ile nilimchukia kwa muda wa chakula kimoja. Sasa nimepata posa ya pili, kutoka kwa mvutaji mwingine.

Nikueleze wiki zangu hizi. Ida hawezi kupokea kitu mkononi mwangu. Ananiletea chakula, lakini sahani tupu lazima niiweke juu ya nguzo ya ua, niondoke hatua kumi, ndipo aichukue kutoka kwa nguzo. Jana alisahau, akanyoosha mkono. Tukasimama hivyo. Akasema, "Aa, Saloma, jamani," akaurudisha mkono mfukoni kama mtoto aliyeshikwa na keki.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, wala askofu. Waliotengwa wawili hawakatazwi kula pamoja. Alhamisi ya kwanza Verna alikuja, nikaanza kutandika meza mbili kwa mazoea. Akanishika mkono.

"Mama, ya nini?"

"Pengo."

"Pengo la nani? Si na wewe umefukuzwa?" Kisha akaanza kucheka. "Karibu nje, mama. Huku baridi lakini kuna nafasi."

Tulikula meza moja, mchana kweupe, mapazia wazi, Ida akituona. Viazi, maharage mabichi, pai ya mabua ya rubarbi. Wiki sita za adhabu ndizo wiki sita ninazokula na mwanangu bila hofu. Alhamisi nne zimekwisha kwa mpango huo, tano ukihesabu hii ijayo. Baadaye itabaki moja.

Nilimwambia Verna juu yako. Nilimwambia pia kwamba nafikiria kutopiga magoti. Akaacha kucheka.

"Ukibaki nje kwa ajili yangu," akasema, "wewe utakuwa umetoka gerezani, mimi nitakuwa nimeingia. Kila nikila chakula chako nitakuwa natafuna kanisa lako lote, na mazishi ya baba, na shangazi Ida. Sitaki, mama. Mimi niliondoka kwa sababu nilitaka kwenda. Wewe hutaki kwenda. Unataka tu meza."

Ni kweli. Ninaamini ninachoamini, Atlee. Nataka kuimba pale ninapoimba na kuzikwa pale Emanuel alipozikwa. Ndani nimefungwa, nje nimefungwa, na funguo zote mbili zimo mkononi mwangu, na hiyo si faraja.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na usinipambie. Nikipiga magoti, nikawa mkeo, Alhamisi ikafika, Verna akaketi: utafanya nini?

Saloma


Conewango Valley
2 Julai 1994

Saloma,

Sitazisukuma. Ningekuandikia kwamba nitazisukuma, ungefurahi, na ningekuwa mwongo tangu siku ya posa. Nimeapa kwa magoti yale yale unayoyafikiria. Sitakuambia kwamba sheria hii ni nyepesi. Ilikula nyumba yangu.

Ila tangu barua yako ifike nimefanya mambo mawili. La kwanza, nilimwandikia Orva. Ilinichukua siku mbili kuandika mistari minne. Sikumwomba arudi kanisani. Nilimwambia kwamba kidole kile nilichokuwa nikipimia ndicho hiki ninachoshikia kalamu, na kwamba nakionea haya.

La pili, nina ubao wa mcheri, mpana, wa kipande kimoja, ambao nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya jeneza langu. Nimeupasua katikati. Natengeneza meza mbili. Mishipa ya mti inaanza katika meza ya kwanza na kumalizikia katika ya pili. Ukitazama kutoka juu inavuka pengo kama kwamba pengo halikuwapo. Sheria itapata kidole chake. Sheria haikusema mti usahau kwamba ulikuwa mmoja.

Kuhusu Alhamisi: mimi nitakaa penye pengo. Yeyote atakayetaka kulipima ataanzia kwangu, na mimi sitapima.

Usipige magoti kwa ajili yangu. Piga kama unaweza kusimama tena.

Atlee


Holmes County
20 Septemba 1994

Mwanangu Verna,

Alhamisi tumekuwa tukisema mengine yote, na hili sikuweza kulitamka. Kalamu ina moyo kuliko mdomo.

Hukuniuliza habari ya tarehe kumi Julai. Ukaja Alhamisi iliyofuata, ukaona pengo limerudi, ukakaa upande wako, ukasema, "Nipitishie chumvi, mama," na kwa kuwa siwezi kukuwekea kitu mkononi mbele ya watu wa nyumba kubwa, niliisukuma chumvi juu ya kitambaa, ikashuka kidogo pale kwenye bonde, ikapanda. Uliipokea kama mtu aliyeletewa zawadi kutoka mbali. Kwa hilo nakushukuru.

Nilipiga magoti. Askofu alinyoosha mkono, akasema, "Inuka." Magoti yalichelewa kunitii. Mke wa askofu akanibusu, watu wakaimba, nami niliimba, na sauti yangu ilitoka yote. Sikuwa nikijifanya. Lakini nilipokuwa chini pale, nikitazama mbao za sakafu ya Mose, maana ibada ilikuwa zamu ya nyumba yake, nilijua kwamba chochote nitakachoinuka nacho, meza yetu ya Juni siinuki nayo.

Siku nne baadaye, wewe ukiwa umeondoka dakika kumi tu, nikasikia hodi. Mose, kofia nyeusi, koti la Jumapili. Akainua mkono kabla sijafungua mdomo.

"Saloma, nakuomba. Usiseme neno lolote. Safari hii naanza mimi."

Akasimama palepale mlangoni, hakukubali kuketi, akaisema posa ya Atlee kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayevuka daraja bovu. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtoka. Nikamwambia ndiyo. Akavua kofia, akaitazama, akasema, "Ningeivua ile siku ya kwanza." Kisha akaomba kahawa.

Harusi ni Alhamisi, tarehe kumi na tatu Oktoba. Niliichagua siku hiyo kwa sababu ni siku yako. Sijawahi kukuandalia chakula cha Alhamisi kikubwa namna hii: kuku hamsini, viazi vya kupondwa, pai sitajali kuhesabu. Atlee alifika Jumamosi na gari la mizigo, na meza mbili za mcheri zimefunikwa mablanketi mengi kuliko aliyojiwekea mwenyewe. Orva hajajibu. Atlee hasemi kitu, ila amekata jina lake kwenye orodha ya wageni, akaliandika tena, mara mbili.

Sasa sikiliza mpango. Bwana na bibi harusi hukaa kwenye kona, pale safu mbili za meza za wageni zinapokutana. Nilimwendea Mose nikamwambia, "Shemeji, sheria inasema Verna akae meza ya peke yake. Inasema meza hiyo iwe wapi?" Akakuna ndevu muda mrefu. "Haisemi," akajibu. Kwa hiyo meza ya kona itakuwa ile ya kwanza ya Atlee, na ya pili itakuwa yako, mkono wangu wa kushoto. Watakuona wote. Ukiona ni vigumu, usije, nami sitakulaumu. Ukija, vaa upendavyo.

Kati yetu kutakuwa na pengo. Nimeahidi, na siivunji ahadi niliyoipigia magoti. Mwaloni wowote ungeonyesha mahali mbao zilipokatika, ila mcheri huu nimeupapasa gizani na mchana, na mishipa inavuka moja kwa moja mpaka kwenye sahani yako.

Jana Mose alikuja kuhakikisha, maana ndiyo kazi yake. Akaniambia, "Upana wa kidole, Saloma, si pungufu." Nikaweka cha kwangu, kile chenye kovu la kisu cha mahindi, kikaingia sawasawa. Akatikisa kichwa, akaridhika, akaondoka.

Nilibaki pale nimekaa. Nikaona kwamba sheria inataka upana wa kidole kimoja, na haikusema kidole chenyewe kiwe wapi wakati wa chakula. Siku hiyo, chini ya kitambaa, changu kitakuwa pale penye pengo. Upande wangu utajaa watu, mwanangu. Ukipenda, weka na chako kutoka upande wako, vikutane.

Mama yako,
Saloma